Bravo, Alfa, Lima: lugha fupi ya simu za upepo

Nilikuwa nimekwenda kituo kimoja cha polisi kuchukua RB ya simu iliyopotea. Nyuma ya kaunta, kwenye meza ya pembeni, simu ya upepo ilikuwa ikikoroma. Askari wa zamu alikuwa akimweleza mwenzake wa upande wa pili kwamba gari wanaloliulizia limepita Balangdalalu. Wa upande wa pili akasikia Balangida. Askari akarudia. Safari hii ikasikika Balangida Lelu. Mara ya tatu akaachana na jina, akavuta pumzi, akaanza kwenda herufi moja moja: Bravo, Alfa, Lima, Alfa, Novemba, Golfu, Delta, Alfa, Lima, Alfa, Lima, Yunifomu. Herufi 12. Mkwaruzo ukapita, kisha sauti ikarudi: nimekupata, Balangdalalu.

Anayeijua Hanang hatashangaa. Balangida ni ziwa la chumvi lililo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, Balangida Lelu ni ziwa jingine, na Balangdalalu ni kata yenye watu, shule na mnada. Mwenyeji huyatofautisha majina hayo usingizini. Askari aliyehamishwa kutoka Mtwara wiki iliyopita, akiyasikia kupitia spika iliyopasuka, yeye husikia mapacha watatu wakiitana gizani.

Gari lile halikunihusu. Kilichonikaa kichwani ni namna neno lilivyovunjwa vipande, likavuka ukingo wa bonde, likaunganishwa tena upande wa pili bila kupoteza hata herufi. Nilirudi nyumbani na RB mfukoni na udadisi ambao umenifanya nisome mengi kuliko yanayomfaa mtu mwenye shamba la kupalilia.

Kuna watu ambao udadisi huo wameufanya burudani ya maisha. Marekani huitwa wasikilizaji wa skana. Skana ni redio inayopokea tu, haitumi chochote. Kazi yake ni kukimbia juu ya orodha ya masafa, kila moja kwa kitambo kidogo sana. Ikikuta mtu anazungumza inasimama, akinyamaza inaendelea na safari. Mwenye skana anaweza kuwa jikoni anamenya viazi huku akisikia zimamoto wakiitwa, gari la wagonjwa likipewa njia, polisi wa doria akiomba kuangaliziwa namba ya gari. Wengine hawamenyi viazi. Hukaa na daftari, wakiandika saa, masafa na maneno.

Daftari hilo halina faida kama mtu hajaelewa kwanza udhaifu wa chombo chenyewe, maana misimbo yote ilizaliwa na udhaifu huo. Kwenye simu ya mkononi watu wawili wanaweza kukatizana hadi wagombane. Simu ya upepo haina nafasi hiyo. Ukibonyeza kitufe ili uzungumze, unakuwa kiziwi. Mwenzako hata akipiga kelele kwamba anakufa, humsikii mpaka uachie kidole. Ndiyo maana ya “ova”: nimemaliza, nimeachia, zamu yako. “Roja” nayo ni masalia ya alfabeti ya zamani ambamo herufi R iliitwa Roger, na R ilisimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya “imepokelewa”. Mwaka 1956 alfabeti mpya ilianza kutumika katika usafiri wa anga, R ikawa Romeo, na polisi na majeshi wengi wanaitumia hadi leo. Lakini hakuna anayejibu “Romeo”. Roger alistaafishwa akakataa kuondoka ofisini. Kenya wamekwenda mbali zaidi, mtaani chombo chenyewe wanakiita “ova-ova”, kama mtoto anavyomwita paka nyau.

Polisi wa Detroit ndio waliotangulia kuendesha huduma ya kudumu ya redio kwenye magari ya doria, mwaka 1928. Hata hivyo, magari yale yalisikia tu. Askari akipewa kazi, ilimbidi atafute simu ya waya ili aseme ameipata. Mwaka 1933, mji wa Bayonne, New Jersey, ukawa na redio za kwenda na kurudi. Hapo shida ikageuka. Masafa yalikuwa machache, waliotaka kusema walikuwa wengi, na kila sekunde ya maneno matamu ilikuwa sekunde aliyonyimwa mwingine.

Mwaka 1937 akatokea Charles Hopper, mkuu wa mawasiliano wa polisi wa Jimbo la Illinois, na suluhisho ambalo mpaka leo wengi hulifikiria kuwa siri kubwa ya dola. Redio za magari za wakati ule zilipata umeme wake mkubwa kutoka kwa mota iliyohitaji kitambo kidogo kushika kasi. Mtu akibonyeza na kusema papo hapo, silabi ya kwanza inamezwa. Hopper akafupisha ujumbe kuwa namba, kila namba ikitanguliwa na neno “kumi”. Likimezwa, hasara hakuna, kwa kuwa namba yenye maana iko nyuma yake. 10-4, nimekuelewa. 10-20, mahali ulipo.

Sisi tunalo neno la namna hiyo tangu zamani, nalo ni hodi. Hodi haina habari yoyote ndani yake. Haisemi umekuja kuposa au kudai deni. Inamwandaa mwenye nyumba atege sikio, ili neno linalofuata lisidondoke kizingitini. Kumi ya Hopper ilikuwa hodi ya umeme.

Kwa hiyo namba zile hazikutungwa kumficha mtu kitu. Zilitungwa ili zifike. Sifa ya usiri ilikuja baadaye, kwa sababu asiyeelewa jambo huamini amefichwa. Tamthilia ya televisheni ya Highway Patrol, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1955, ilizipeleka 10-4 sebuleni kwa Wamarekani, na miaka ya 1970 madereva wa malori wakazichukua kwenye redio zao za barabarani. Zikawa lugha ya mtaani. Siri gani hiyo inayoimbwa na madereva?

Msikilizaji mgeni huanza kwa kukariri orodha, na orodha humwangusha. 10-13 katika orodha ya zamani ya Wamarekani ilikuwa kuuliza hali ya hewa na barabara. Jijini New York, 10-13 ni askari aliye hatarini anayeomba msaada, na akisikika kila gari linaacha lilichokuwa likifanya. Namba ni ileile, lakini kwa mmoja ni mvua na kwa mwingine ni damu. Los Angeles hawatumii makumi ya Hopper. Huko hutaja vifungu vya sheria ya makosa ya jinai ya California: 187 ni mauaji, 211 ni unyang’anyi, 459 ni kuvunja na kuingia. Anayehama mji huanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Utaratibu wa Los Angeles ulinifanya nifungue Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, nione ingekuwaje huku. Kuua kwa kukusudia kungekuwa 196. Unyang’anyi wa kutumia silaha, 287A. Na namba ambayo ingechosha redio za Hanang na Mbulu kuliko zote ingekuwa 268, kifungu cha wizi wa mifugo. Nawaza askari akisema “mbili sita nane, Balangdalalu, ng’ombe 14, wanaelekea ukingoni”, na kila mfugaji wa Kidatoga au Kiiraqw aliye karibu na spika akiwa ameshika fimbo kabla sentensi haijaisha. Ndani ya wiki moja watoto wangekuwa wanaicheza.

Namba hiyo isingekaa hata mwezi ikiwa siri, kwa kuwa misimbo ya polisi iliyopo tunaijua tayari bila kufundishwa. Bibi asiyejua kusoma atakwambia usiende hospitali na jeraha la panga bila PF3. Kijana aliyeibiwa pikipiki anajua ataulizwa RB kabla ya kuulizwa hali. OCD, RPC, OCS, FFU ni herufi za Kiingereza ambazo zimekuwa Kiswahili kwa kutumika, na wengi wanaozitamka hawajawahi kujua kila herufi inasimama badala ya nini. Wala hawahitaji. Wanajua OCD anakaa Katesh, RPC anakaa Babati, na FFU wakija usisimame barabarani kuuliza maswali. Lugha hii tumejifunza kwenye benchi la kusubiri.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo kijana mwenye hamu ya skana hapendi kuambiwa. Marekani, sheria ya shirikisho inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya polisi yaliyo wazi hewani. Uingereza inakataza. Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imefanya kunasa mawasiliano ya wengine bila mamlaka kuwa kosa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ikaongeza uzito. Kwa hiyo kuna kichekesho: mtu aliyeketi Balangdalalu na simu yenye bando anaweza kusikia, kupitia intaneti, polisi wa wilaya fulani ya mashambani huko Marekani wakihangaika na ng’ombe aliyezagaa barabarani, kwa kuwa mawasiliano yale yamewekwa wazi. Ng’ombe akizagaa Katesh, yale si yake kusikia.

Mwanzoni nililiona katazo hili kama ubahili wa serikali. Nikabadilika niliposoma habari za Boston. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za tarehe 15 Aprili 2013, maelfu ya watu walikaa wakisikiliza polisi wakiwasaka wahusika. Usiku wa msako, majina ya watu wasiohusika yalisambazwa kwa madai kwamba yametajwa kwenye skana, likiwamo la mwanafunzi aliyekuwa amepotea na ambaye baadaye ilionekana alikuwa amekwisha kufariki. Familia yake ilitukanwa wakati bado inamtafuta. Wasikilizaji wengi walikuwa na nia njema. Hawakujua tu kwamba redio ya polisi ni mahali pa maswali. Askari anaposema “angalieni mtu mwenye koti jeusi”, hajasema mwenye koti jeusi ameua.

Sasa lichukue jambo hilo ulilete huku. Magazeti yetu yana maneno manne yanayorudi kila mwezi, “wananchi wenye hasira kali”, na tunajua sentensi hiyo huishia wapi. Kijiji kikisikia moja kwa moja kutoka hewani kwamba anatafutwa mtu mwenye pikipiki nyekundu na mfuko wa sandarusi, nani atasubiri kuuliza pikipiki nyekundu ziko ngapi kati ya Katesh na Haydom?

Mfano mkubwa zaidi wa kusikiliza na kufumbua misimbo katika Afrika Mashariki haukufanywa na wapenda burudani. Ulifanywa kaskazini mwa Uganda, na uliishia The Hague. Waasi wa LRA wa Joseph Kony walikuwa wakiwasiliana kwa redio za mawimbi mafupi, makamanda wakiwa wametawanyika porini, wakiitana kwa saa walizopangiana. Jeshi la Uganda, idara ya usalama wa ndani na polisi, kila mmoja kwa upande wake, waliweka watu wa kusikiliza. Vifaa vyao havikuwa vya ajabu: redio, kinasa sauti cha kaseti, kalamu, madaftari. Msikilizaji aliandika kwa haraka anachosikia, kisha akakinakili vizuri kwenye daftari kubwa, siku baada ya siku, kwa miaka.

LRA walijua wanasikilizwa. Waliwekeana msimbo walioupa jina TONFAS, herufi za mwanzo za maneno sita ya Kiingereza: muda, opereta, majina ya bandia, masafa, anwani na usalama. Ulikuwa karatasi za namba na herufi ambazo kila opereta alikuwa nazo, na zilibadilishwa. Lakini karatasi haikuwatosha. Waliongeza methali za Kiacholi, majina ya utani na visa walivyopitia pamoja, mambo ambayo hakuna orodha inayoweza kuyafumbua. Kamanda angetaja tukio la miaka mitano nyuma, na aliyekuwapo siku ile akaelewa aende wapi.

Wasikilizaji waliwashinda kwa uvumilivu. Aliyekaa na spika ileile miaka mitatu humjua mtu kwa kikohozi chake. Walizitambua sauti za makamanda hata jina la bandia lilipobadilishwa, na karatasi za TONFAS wakazifumbua kwa kulinganisha kilichosemwa leo na kilichotokea kesho yake. Kesi ya Dominic Ongwen ilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, madaftari na kaseti zile zikawa ushahidi, wasikilizaji wakaitwa kueleza walivyofanya kazi. Mahakama iliamini, pamoja na ushahidi mwingine, taarifa za redio ambamo mashambulizi yaliripotiwa, likiwamo la kambi ya Odek la tarehe 29 Aprili 2004. Hukumu ilitolewa tarehe 4 Februari 2021, makosa 61. Tarehe 6 Mei mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Yeye mwenyewe alikuwa ametekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule, na jambo hilo lilipimwa katika adhabu.

Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa, na kila mara nasimama kwenye madaftari. Nawaona wale watu, majina yao siyajui wala hayanihusu, wameinama mezani saa tatu asubuhi wakingoja sauti. Kama kuna mwalimu wa kazi ya skana, ni wao. Hawakuanza na orodha. Walianza na nani anamwita nani, nani anajibu haraka, nani husubiriwa. Cheo husikika kabla ya neno: anayeweza kukatiza wengine bila kuomba radhi ndiye mkubwa.

Huko ilikoanzia, burudani ya skana inafungiwa milango. Idara ya polisi ya Chicago imefunga mawasiliano yake kwa usimbaji fiche, na umma husikia kwa kuchelewa dakika 30. New York walianza kufunga mwaka 2023. Wanahabari wa huko wanalalamika, na nawaelewa: dakika 30 zinatosha kuosha barabara. Namba za Hopper nazo zinapungua. Serikali ya Marekani ilishaagiza kwamba kwenye matukio yanayokusanya idara nyingi watu waseme lugha ya kawaida, tangu 2006, kwa sababu mambo yaliharibika pale zimamoto wa mji mmoja aliposhindwa kuelewa namba ya polisi wa mji mwingine. Kwa siri sasa kuna mashine. Kwa kueleweka, wamerudi kwenye maneno ya nyumbani.

Somo hilo limetufikia pia. Katika shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, iliripotiwa kwamba jeshi na kikosi maalumu cha polisi waliingia bila mawasiliano ya pamoja, na askari mmoja akauawa na risasi za upande wake. Na kwetu, alfajiri ya Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaizika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Ndani ya muda mfupi polisi, wanajeshi, zimamoto, Msalaba Mwekundu na wanakijiji wenye majembe walikuwa kwenye tope lilelile. Siku kama hiyo hakuna nafasi ya kuulizana namba. “Kuna mtoto hai hapa, leteni machela” ni sentensi ambayo haiwezi kufupishwa zaidi.

Mpenda redio wa Balangdalalu hajanyimwa kila kitu. Kuna redio za ridhaa, zenye leseni ya TCRA, ambamo Tanzania hujulikana kwa kiambishi 5H. Enzi za ukoloni Tanganyika ilikuwa VQ3. Kusikiliza watu hao wakiitana kutoka nchi hadi nchi kwenye mawimbi mafupi ni shule nzuri, kwani wanatumia alfabeti ileile ya Bravo na Lima. Misimbo yao huanza na herufi Q na ina umri mkubwa kuliko ya Hopper: QTH ni mahali nilipo, QRM ni makelele ya kuingiliwa. Usiku, jua likishazama nyuma ya ukingo, mawimbi mafupi husafiri mbali, na redio ndogo yenye waya wa mita kumi uliofungwa kwenye mti huleta sauti ambazo mchana hazipo. Ukingo huohuo unaoitatiza simu ya upepo ya polisi bondeni hauna la kuyafanya mawimbi yanayodunda angani.

Nami nimeendelea kusikiliza ninachoruhusiwa, hata nikiwa safarini. Wiki mbili zilizopita nilipanda basi dogo kutoka Katesh kwenda Babati. Kabla ya kona moja, basi lililokuwa likitoka Babati liliwasha taa zake mara mbili na kuzima. Dereva wetu hakusema kitu. Alishusha mwendo mpaka tukasikia matairi, akavuta mkanda wake na kuufunga. Abiria wa kiti cha mbele akageuka kuniuliza kuna nini huko mbele. Kabla sijafungua mdomo, mama aliyekaa nyuma yetu na kuku wawili kwenye kapu akajibu, bila hata kuinua uso:

“Tochi.”